salha88makupa

Baruapepe iliingia saa nane usiku na dakika kumi na saba,
wakati hata paka wa Mwembe Tayari wamelala.
Niliifungua asubuhi dukani, kabla ya droo ya pesa,
mahamri bado yana moto ndani ya gazeti.

Kichwa chake hakikuwa salamu. Kilikuwa nywila yangu,
herufi kwa herufi, kama mtu akuitaye kwa jina la utotoni
katikati ya Marikiti:
salha88makupa.

Halafu vitisho. Yumo ndani ya kompyuta yangu, yuwasema.
Amenirekodi kwa kamera nikitazama yasiyotazamwa.
Dola elfu moja na mia nne, kwa bitikoini, saa arubaini na nane,
ama video itawafikia mke, wakwe, tajiri yangu,
kamati ya msikiti.
"Usimwambie mtu."

Jasho lilinitoka, na feni inazunguka.
Nina miaka hamsini na tisa. Naandika hesabu
za misumari, bawaba, chokaa.
Nikajikagua kama gunia bandarini:
lini? nini? nani aliniona?
Mtu asiye na kosa, akitishwa vyema,
hujitafutia moja la kukiri.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti:
akiba ya chama, karo ya Mahfudh,
mkopo kwa Dzombo wa vigae.
Hesabu ikakubali. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Binti yangu Swafiya akaleta chakula cha mchana.
Yeye hutengeneza simu Bondeni, vidole vyanuka risasi ya kulehemu.
Akaisoma wima, akitafuna kachumbari.
"Baba, kompyuta hii ina kamera?"
Nikaitazama. Miaka sita tumetazamana.
Haina.

Akacheka mpaka mteja wa kufuli akageuka.
"Huyu hana kitu. Nywila hii ilivuja zamani,
labda pale uliponunua viatu vya Idi mtandaoni,
na wezi huuziana maneno kwa jumla, kama vitunguu.
Barua hii hii wamepata watu elfu.
Usimjibu. Usimpe hata ndururu.
Ila, Baba, umeitumia wapi kwingine?"

Kwingine? Benki. Stima. Hospitali ya mama.
Ufunguo mmoja, milango kumi na mmoja,
na mimi nauza kufuli!

"Na Salha n'nani?"

Hapo feni ilisikika.
"Paka," nikasema. "Tulikuwa na paka."

Ewe usiyenijua, uliyekesha ili unitishe,
ulishika lulu ukadhani kokoto.
Ulinitishia video isiyokuwapo,
na ukweli ukauandika mwenyewe, juu kabisa,
kama anwani ya bahasha.
Mwaka themanini na nane, Makupa, mlango wa buluu,
sinia la posa lililorudi
likiwa limefunikwa vile vile.
Sijamtaja kwa mtu. Nilimchapa tu,
kila asubuhi, miaka kumi na tisa,
na kioo kikamgeuza vitone vyeusi kumi na vitatu.

Mke wangu hajui.
Ama ajua, na ni mwema.

Mchana ule tulibadilisha zote, mlango kwa mlango.
Swafiya akanifundisha: maneno manne yasiyojuana,
kila mlango na yake,
na juu yake namba ijayo kwa simu,
komeo nyuma ya kufuli.
Nilipochapa, akageuza uso. Malezi hayo.

Saa arubaini na nane zikapita nikihesabu bawaba.
Hakuna aliyetumiwa chochote.

Lakini bado, asubuhi, kabla sijakumbuka,
kidole cha kushoto huenda chenyewe kwenye S,
na mashine hunijibu kwa maandishi mekundu, kwa adabu,
kwamba sivyo,
nijaribu tena.