Maji ya Dagaa

Juu Mabatini, penye mawe kuliko udongo,
nilipandisha udongo kwa ndoo, safari kumi na moja,
nikapanda mwasumini ubavuni mwa jabali.

Mama Ng'walu akasema: ng'oa, utatuitia nyoka.
Sikung'oa. Masika yalipokwisha nikaupogoa,
nikaunywesha maji niliyooshea dagaa wa Kirumba.

Mchana mti hausemi kitu. Majani tu, na vumbi.

Ila umeme ukikatika, saa tatu usiku,
ziwa nalo limezimika kama sisi,
maua yanafumbuka
na bawaba za mlango wa jirani zinalia.

Nasikia kigoda kikiburutwa hadi uani.
"Nyoka hajafika?" nauliza gizani.
Anavuta pumzi, ndefu.
"Bado. Ndiyo namsubiri."