Sikio Kubwa

Alhamisi tulishuka Chake watatu, kila mtu na hisa yake:
mimi, Shaame mdogo wangu, na Faki wa mashine.
Laki saba na arubaini kwenye pindo la kanga,
fedha ya changu na tasi, ya pweza wa bamvua mbili,
nyingine bado ina chumvi.

Tulitaka redio ya boti.
Si ile ya taarabu na matangazo ya vifo.
Tulitaka ya kuitia watu
kabla hujatajwa kwenye ile nyingine.

Njia nzima Shaame hakusema.
Tangu siku zile mbili nje ya Kigomasha,
plagi imekufa, simu imekunywa maji,
maneno anayahesabu kama anayalipia.

Bwana Mauly akaziweka mbili juu ya kioo.
Kubwa, nyeusi, wati ishirini na tano,
waya wa maikrofoni umejikunja kama mkia wa kinyonga.
Na ndogo, ya mkononi, wati tano,
"ikianguka haizami, inaelea na taa inawaka."

Faki alishaishika kubwa.
Wanaume hupenda kitu chenye vifundo.
Nikauliza: inakula nini?
"Betri ya gari."
Boti yetu futi kumi na nane, inawashwa kwa kuvuta kamba,
wimbi la ubavuni huingia bila hodi.
Betri tuipakate?

Hiyo ndogo nikaiombea ndoo.
Bwana Mauly akacheka. Mimi nikangoja ndoo.
Tukaikandamiza chini ya maji, watu wanne kimya,
macho kwenye saa ya ukutani
kama tunaongoja magharibi mwezi wa Ramadhani.
Tulipoiachia ikapanda yenyewe.
Nikaiwasha: shhhhhh,
chaneli ya kumi na sita, na hamna mtu.

"Inafika wapi?"
"Boti kwa boti, maili tatu, nne. Dunia imepinda, mama,
na sauti hii haijui kukata kona.
Wati si kitu. Kitu ni urefu wa antena."

Hapo Shaame akafungua kinywa.
"Kelele nilikuwa nazo," alisema.
"Nilipiga mpaka nikatema damu.
Aliyekosekana ni wa kusikia."

Shabiki la dukani likazunguka.
Mimi nikamwona Mkasi,
Mkasi wa mikate ya mofa, pale juu ya diko la Tumbe,
anayeamka saa nane za usiku kukanda unga
wakati hata jogoo hajageuka upande.
Ana paneli ya sola. Ana betri.
Nyuma ya jiko lake umesimama mnazi
uliokatwa kichwa na radi, haufai hata kuni,
mrefu vile vile.

"Tunachukua zote mbili."
"Kubwa ya boti?"
"Kubwa ya nchi kavu.
Baharini mdomo mdogo unatosha.
Sikio ndilo liwe kubwa."
Akanitazama kama nimeomba nanga ya kuweka sebuleni.
Elfu kumi zilizopungua, na waya wa antena,
tuliziwekea ahadi ya pono.

Leseni bado inazunguka maofisini, karatasi na picha zetu tatu.
Usiku ule wa majaribio
Mkasi alibonyeza kitufe kwa kiwiko, mikono imejaa unga:
"Shaame, wanisikia?"
Shhhhhh.
"Shaame?"

"Nakusikia."
Kisha akaendelea. Maji yametulia, alisema.
Faki kasinzia, anakoroma kuliko mashine.
Kuna nyota moja imekaa vibaya, sijui jina lake.
Akasimulia kamba, akasimulia njaa,
akafika Kigomasha, akakaa hapo kidogo, akapita.
Miezi minne hatukuwa na maneno yote yale nyumbani.

Mikate kumi na miwili iliungua.
Mkasi kaiandika kwenye daftari la boti,
chini ya petroli na barafu,
na anataka alipwe.