Visanduku vya Uyoga

Sarmite hulala na kamusi chini ya mto,
si kwa mapenzi: nyumba ina wapangaji sita
na kabati moja.
Saa kumi alfajiri tumo bandani, Monaghan, Ayalandi,
visu vifupi, taa vichwani,
uyoga umechomoza gizani kama visigino vya watoto.

Kila kisanduku chake kikijaa
huandika ubavuni, kwa penseli, neno moja la Kiingereza.
Si yale ya dukani. Hayo alitoka nayo Latvia:
mkate, samahani, bei gani.
Anataka yenye kiuno na mkia,
wanayotamka mawakili wakitaka usielewe.
Jumatatu, neno la mtu asemaye mengi asiseme kitu.
Jumanne, la kupoza maumivu bila kuugusa ugonjwa.
Alhamisi, la harufu ya udongo mkavu ukionja mvua;
hilo aliliandika mara tisa,
akaishiwa penseli.

"Utayala hayo?" Gintaras akamcheka.
"Tunalipwa kwa kilo, hatulipwi kwa silabi."
Hakujibu. Ulimi wake ulikuwa ukigonga meno,
mgeni asiyejua aingilie mlango upi.

Machi, Bwana Treanor akapunguza saa zetu kwa tangazo.
Lilitupigia gitaa, sisi mbuzi thelathini.
Sarmite alilisoma bila kuvua glavu,
akaweka kidole juu ya neno moja, akaguna:
neno lile lina sura mbili,
kusimamia, na pia kupitiwa.
Akauliza chini yake, kwa mwandiko wa shule:
Kipi kitaongezwa, bwana, macho au usahaulifu?
Kupitia kioo cha ofisi tukamwona meneja
akipuliza vumbi kwenye kamusi.

Saa zetu hazikurudi. Nisiwadanganye.

Ila mwezi wa tano ilikuja bahasha kutoka Limerick,
imeandikwa tu: Kwa Mwenye Penseli.
Mwanamke mmoja, mpishi wa hospitali, alinunua uyoga
akaikuta ile harufu ya mvua ubavuni.
Neno lako, alisema, limepungukiwa herufi moja.
Nimekuletea.
Na ndani, imekatwa kwa mkasi kutoka gazetini,
H, nyeusi, ndogo kama ukucha.

Sarmite aliitia mfukoni mwa aproni.
Alasiri nzima nilimwona akiipapasa
kama mtu anayehakikisha kwamba funguo zipo.