Nyuma ya Vumbi

Baba alirudi kutoka zamu ya usiku akiwa mweupe,
nyusi za saruji, kope za saruji,
na mlangoni petu, Kiembeni,
koroboi haikumtambua.
Mama hakuhitaji taa.
"Ni Nyamawi," alisema, kaupa mlango mgongo,
"nakisikia kifua chake tangu kwa muuza makaa."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii,
si chuoni.

Sasa nina chumba Tudor, ghorofa ya tatu,
feni inayolalamika, kompyuta ya mkopo,
na ramani ya mbingu yenye kovu katikati:
mkanda ambao wachoraji waliuruka,
maana Njia Nyeupe, licha ya jina lake,
ina masizi, nayo imetuzibia dirisha.
Wakaacha patupu,
na patupu pakasomwa "hakuna"
badala ya "hatuoni".

Nuru ikifika vumbini huchoka.
Lakini haidrojeni ina mnong'ono wake,
wimbi la urefu wa shubiri moja,
(pima: kidole gumba hadi cha mwisho)
nalo hupenya
kama kikohozi kipenyavyo ukuta wa udongo.

Dishi liko mbali, kwenye nyika kavu ya kusini.
Mimi huletewa namba tu, magunia ya namba,
nikazipepeta:
hii setilaiti, hii simu ya mtu,
hii chenga,
hii... ngoja.
Hii ni galaksi.
Naweka nukta.

Jana nukta kumi na tisa kabla ya adhana ya alfajiri.
Zimeanza kushikana, ukuta unajitokeza,
na nyuma yake kuna uzito nisioujua
unaotuvuta sote:
Kiembeni, foleni ya kivuko cha Likoni,
kaburi la baba chini ya mkorosho,
jua na wanawe wote,
tunakwenda, kwa kasi ya kutisha,
tusikokuona.

Jumapili Mama alipiga simu.
"Mbeyu, umeona nini huko?"
"Sijaona kitu, Mama. Nimewasikia tu. Wako wengi."

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga sufuria,
redio ya jirani, jogoo asiyejua saa.
Miaka sita sasa, na bado
hulala upande wa mlangoni.

"Na hao," akauliza,
"wanakohoa?"