Dola Arobaini na Moja

Verlene Stidham ameleta karatasi zake
ndani ya mfuko wa mkate.
Makombo yameingia kwenye hati za mshahara,
anayapangusa kwa kiganja, anaomba radhi,
kana kwamba makombo ndiyo kosa.

Bonde letu hili la Kentaki, malori ya makaa hayapiti tena.
Yamebaki maduka mawili, ofisi hii ya bima,
na nyumba ya wazee ambako Verlene
huogesha watu usiku.

Kompyuta inaniuliza: Mapato ya Januari?
Naandika.
Haiulizi theluji ilifika wapi.
Haiulizi nani alilala kwenye stoo ya mashuka siku nne
kwa kuwa wenzake walinasa makwao
na wazee ishirini na sita walitaka kugeuzwa ubavu
kila baada ya saa mbili.
Zamu juu ya zamu, na kila zamu ililipwa.
Hivyo ameuvuka mpaka wa umaskini
kwa dola arobaini na moja.

"Kumbe nimetajirika," anasema, anacheka,
kisha anakohoa, kisha hacheki.
Mkobani ana kalamu ya insulini.
Ameichora alama za wino: hapa Jumatano,
hapa Ijumaa, hapa Mungu anajua.
Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walinena.
Juu ya mchuma dola
sijui walinena nini.

Sikumwambia kwamba mama yangu
yumo chumba cha tisa, upande wa dirisha.
Mimi humtembelea mchana, Verlene huingia usiku.
Siku zile nne, njia imezibwa,
nilipiga simu, na sauti hii hii ikanijibu:
Amekula. Anauliza habari za mbwa wako.

Kitufe ni kidogo kuliko ukucha.
Nimekibonyeza.
Printa ikatema barua: Mpendwa Mnufaika,
bima yako itakoma tarehe thelathini.

Nikavuta fomu ya rufaa, ile ya kurasa kumi na nne,
nikaanza kuijaza kwa mkono wangu mwenyewe,
jambo tunalokatazwa.
Kwenye swali la saba,
Eleza kilichobadilika katika maisha yako,
nikasita.

"Andika theluji," akasema Verlene.

Nikaandika theluji.