Alama ya Puli

Bedfodi ya Sleyum imefika kwangu, Sanaiya ya Ibra, ikivutwa kwa kamba,
tangi la maji mgongoni, tupu, linagonga kama debe.
"Kupanda Wadi Bani Khalid haitaki," anasema.
"Inakunywa petroli, inapiga baruti kwenye ekzosi,
na usiku bomba linawaka jekundu kama kaa la ubani."

Mafundi watatu wameshaishika kabla yangu.
Plagi mpya. Plantini mpya. Kabureta imeoshwa mpaka imechoka.
Wote wameelekeza taa kwenye puli, wote wameona alama
imekaa pale pale kitabu kinapotaka,
wakafunga boneti, wakachukua riyali zao.

Naisikiliza. Haigongi. Inachelewa:
moja, tano, tatu, sita, mbili, nne,
zamu hazikuchanganyika, kila cheche inakwenda kwake,
ila inabisha hodi mwenye nyumba keshatoka.

Hapo nikamkumbuka mama.
Saa yake ya ukutani, aliyokuja nayo kutoka Wete:
asubuhi mishale inasema mbili, redio ya Maskati inasema nane.
Ijumaa nilipanda kiti nikaisahihisha.
Jumamosi dawa ya presha akaimeza jua limeshapinda.

"Biju, ng'oa plagi ya kwanza, niletee bolti ndefu."
Tunazungusha injini kwa spana, polepole,
mpaka pistoni iguse chuma. Chaki.
Tunairudisha nyuma mpaka iguse tena. Chaki.
Kweli iko katikati ya chaki mbili,
na alama ya kiwandani imekaa mbali nayo, upana wa kidole gumba.

Sleyum anainama. "Nani kaisogeza?"
Hakuna aliyeisogeza. Puli ni pete juu ya kitovu, kati yao mpira;
miaka arobaini ya joto la Sharqiya, mpira umechoka kushika,
pete ikateleza, leo unywele, kesho unywele,
na alama ikaenda nayo,
nyeupe, safi, haina wasiwasi hata chembe.

Nalegeza distribyuta, naizungusha kinyume cha rota,
na mngurumo unakaza, unashuka kifuani, unatulia.
Biju anacheka peke yake. Sleyum keshaanza kuulizia bei ya puli.
Kwa leo natia alama mpya, nyekundu, rangi ya kucha ya binti yangu.
Ile ya zamani sikuikwaruza.
Haikujua kama imehama.

Jioni nimepanda tena kiti.
Mama ananitazama toka kitandani, hasemi kitu,
mpaka mshale mfupi umesimama juu kabisa, kwenye kumi na mbili,
na msikiti wa jirani ukaadhini magharibi.
"Shuka," akasema. "Mikono yako inanuka petroli."