Saa ya Thelathini na Tisa

Homa ilinikuta Jumanne, saa mbili usiku,
nikikunja pindo la gauni la kipaimara.
Naikumbuka saa kwa sababu umeme ulikatika
na nilidhani baridi ile ni ya giza.

Kulipokucha, mifupa yangu ilikuwa imefumuliwa
na kushonwa upya na mwanafunzi wa cherehani.

Daktari wa zahanati ya Pasua ni kijana,
ana sauti ya mtu aliyelala saa tatu.
Alinichokonoa pua kwa kijiti, tukangoja,
mistari miwili ikatoka, myekundu kama uzi wa tarizi.
"Ni homa ya mafua, mama. Ile yenyewe.
Dawa ya virusi ipo, ila haingoji:
ianze kabla saa arobaini na nane hazijaisha.
Itakupunguzia siku. Pengine moja."

Pengine.
Nalijua neno hilo, ni mali yangu,
ndilo ninalowapa wateja kila Ijumaa.

Vidonge kumi. Elfu sabini na tano.
Ufundi wa magauni matatu,
na magauni kumi na moja yananing'inia ukutani
meupe, bila mikono, yakinitazama.

Elinami akasema, "Si mafua tu?"
Mama mkwe akapiga simu kutoka Kibosho:
"Chemsha mkaratasi na majani ya limau,
jifunike blanketi, utoke jasho. Mafua tu hayo."
Nilijifukiza. Nilitoka jasho.
Nilitoka pia na ile "tu" kooni,
imekwama kama mwiba wa perege,

kwa sababu wifi yangu Nsiande
alikwenda na "tu" hiyohiyo, mwezi wa sita, mwaka ule.
Jumapili alikuwa anakohoa na kucheka.
Alhamisi tulikuwa tunachagua ubao.

Halafu kuna huyu wa ndani, wa miezi saba,
anayepiga teke nikikohoa
kana kwamba nimemgongea mlango usiku.
Je, naye atameza?
Nilisoma kijikaratasi cha dawa kama mkataba wa mkopo,
nikitafuta yale maandishi madogo:
kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa.
Mjamzito amuulize daktari.
Nilikwisha muuliza. Alivua miwani.
"Wewe ndiye hasa nisiyetaka angoje."

Bado nilingoja.
Jumatano yote niliihesabu kwa tumbo na kwa pochi:
saa ya ishirini, uji haukupita;
saa ya ishirini na sita, nilimwota Nsiande
akipima kitambaa kwa mkono, akinipunja;
saa ya thelathini na tatu, majogoo ya Pasua,
na pumzi yangu ikipanda ngazi
nami nimelala chali.

Saa ya thelathini na tisa,
Alhamisi, saa tano asubuhi, jua limejaa dukani,
nilimtuma Elinami kwa mfamasia wa Mtaa wa Chagga.
Hakusema "tu". Alichukua pesa
kutoka kwenye kopo la vifungo.

Kidonge ni kidogo kuliko nilivyokiogopa,
nusu njano, nusu kijivu,
kama kitu kilichoshonwa na watu wawili wasiojuana.
Nilikimeza na uji wa ulezi.
Nilitapika mara moja tu, jioni.
("Tu" hii ni yangu, mniachie.)

Jumatatu nilikaa kwenye cherehani.
Mama mkwe anasema ni mkaratasi.
Daktari anasema ni dawa.
Elinami anasema, "Umepona, basi."
Mimi sijui, wala sitajua.
Yule mwenzangu aliyekataa, aliyebaki kitandani
na elfu sabini na tano zake,
hayupo nimwulize alipona lini,
au kama alipona.

Magauni tisa yalikwenda kanisani.
Mawili nilirudisha pesa.
Aliye tumboni hana rai:
amelala, na mkono wangu juu yake
unasikia kila pumzi, unaihesabu, unasahau.